Kona ya Baba Mkwe

Baba mkwe wangu alikuwa Mwitaliano, na katika ujana wake aliendesha magari ya mbio. Kwenye shindano moja dogo huku Uswidi, miaka ya sabini, gari lake liligusana na la kijana mmoja wa Kiswidi kwenye kona, na yule kijana akafa. Hii haikuwa siri. Mume wangu alinieleza kabla hatujaoana, kwa sauti ile ile aliyotumia kuniambia kwamba mama yake ana kisukari na kwamba kwao hawafungi mlango wa bafu.

"Baba aliua mtu," alisema. "Usimuulize."

Sikumuuliza. Mimi ni mtu wa Tanga, na nilivyolelewa, mkwe husubiriwa aongee mwenyewe. Nilimwita baba, ingawa Waswidi humwita mkwe kwa jina lake kama vile ni jirani. Mara ya kwanza nilipomwita hivyo alinijazia tena sahani.

Sehemu nyingine ya habari niliipata kidogo kidogo kwa mama mkwe. Yeye alikuwa muuguzi kwenye hospitali walikompeleka Mwitaliano huyo na miguu yote miwili imevunjika. Alilala huko miezi. Polisi walimhoji kitandani wakamwacha, wenye mashindano wakamfungia, na timu yake ikaondoka na kilichobaki cha gari bila kumuaga. Magazeti ya huku yalimwandika vibaya. Alipoweza kusimama, hakurudi kwao. Alimwoa muuguzi, akaingia kiwanda cha malori Södertälje, akabaki hapo mpaka kustaafu. Hakushika usukani tena. Akipanda gari la mtu alikaa nyuma, upande wa abiria, na mkono wake ukishika mkanda.

Mimi naendesha basi, kule Botkyrka, kati ya stesheni na mitaa ya maghorofa. Mume wangu ni fundi wa mabasi hayo hayo, ndivyo tulivyokutana. Baba mkwe alipojua kazi yangu aliniuliza namba ya njia yangu. Baada ya hapo, mara moja moja alipanda basi langu bila safari yoyote, akazunguka nami hadi mwisho wa njia na kurudi.

"Unaendesha kama mtu aliyebeba mayai," aliniambia siku moja akishuka.

"Nimebeba watu, baba."

"Ndiyo," alisema. "Endelea hivyo."

Mama mkwe alipofariki, tulimhamishia baba mkwe Norsborg, jengo la pili kutoka letu. Asubuhi alikuja mama mmoja wa Bukavu, mfanyakazi wa huduma ya wazee, kumwogesha na kumpa dawa. Jumapili ilikuwa zamu yangu. Nilimpelekea chakula cha mchana, na karibu kila mara nilimkuta mbele ya televisheni akitazama mbio za magari, sauti ameizima kabisa. Mume wangu hakuja Jumapili. Tangu utotoni alizichukia mbio. Kila kiangazi, juma lile la ajali, baba yake alifunga mapazia na hakuongea na mtu, na yeye na mama yake walikula jikoni kwa kunong'ona.

Basi mimi ndiye niliyeketi naye. Tuliongea Kiswidi, chake kikiwa na Kiitaliano ndani na changu kikiwa na Kiswahili, na tukaelewana kuliko tulivyoelewana na Waswidi wenyewe. Alinisimulia habari za madereva wa kwao. Majina aliyataja yote, mimi sikuyashika. Nilichoshika ni kwamba zamani, kabla ya vita na miaka michache baada yake, Mwitaliano ndiye alikuwa wa kumkimbiza. Ubingwa wa dunia ulipoanzishwa, waliuchukua wao mwanzoni. Halafu ukawaponyoka, na mpaka siku aliyokuwa akinieleza haukuwa umerudi mikononi mwa mtu wa kwao.

"Kwa nini?" nilimuuliza. "Magari si bado ni yenu?"

"Ndiyo hiyo," alisema. "Kwetu watu hupenda gari. Likipita gari letu jekundu na Mjerumani ndani, wazee wanalia kwa furaha. Mwitaliano akilipita akiwa kwenye gari la Waingereza, wanamzomea. Mtoto wao wenyewe. Unamzomea mtoto wako kwa ajili ya bati."

Kisha alirudi kwa waliokufa. Kila mazungumzo yalifika huko. Aliwakumbuka kwa namna walivyokufa: huyu kwa moto, huyu kwenye miti, huyu kwenye majaribio tu, siku ya kawaida, bila hata mtazamaji mmoja. Alisema alipokuwa kijana mama yake alikuwa akizima redio kila zilipotangazwa habari za mashindano, na kwamba alimwomba, mara moja tu, aache mbio. Hakuacha. Alikuwa na kipaji cha kati, alisema, si kikubwa. Alijua hatafika juu kabisa. Alitumaini kufika mahali ambapo mtu angemlipia matairi.

Jumapili moja mvua ilinyesha huko walikokuwa wakishindana, magari yakasimamishwa, na kwenye skrini kukabaki watu wenye miavuli. Hapo ndipo aliponisimulia kona yake, pasipo kuulizwa.

"Ilikuwa kona ndefu ya kushoto," alisema. "Miti ya betula pande zote mbili. Yeye alikuwa ndani, mimi nje, sambamba. Alikuwa na kasi kuliko mimi, na mimi nilijua. Nikaugeuza usukani kidogo." Akaonyesha kwa kidole gumba, kama mtu anayesogeza kisoda mezani. "Kiasi hicho. Nilitaka aogope, apunguze. Hakupunguza. Akanijia."

"Hukutaka afe."

"Nilitaka aogope," alirudia. "Wengine wote walisema nilifanya makosa. Mimi peke yangu najua kwamba nilikusudia."

Nilitoa sahani, nikaziosha, na niliporudi alikuwa ameizima televisheni. Hakunieleza zaidi siku ile, ila jambo moja, nilipokuwa navaa koti. Alisema mama yake alipofariki, ndugu zake walimpigia simu aje wamzike pamoja, na yeye hakwenda.

"Kwa nini, baba?"

"Yule kijana hakurudi kwao. Na mimi kwa nini nirudi?"

Mwaka uliofuata mapafu yake yaliharibika. Daktari alituita, akatueleza kwa upole wa Kiswidi, ule usio na kona, kwamba hakuna matibabu tena ila ya kupunguza maumivu. Mume wangu aliuliza maswali mengi. Baba mkwe aliuliza moja tu, kama ataweza bado kukaa ndani ya gari kwa saa moja.

Tulipofika nyumbani, aliniita kando. Alisema yule kijana alikuwa na dada mdogo. Alimwona mara moja tu, siku ya shindano, msichana mwenye koti la manjano akiwa amekaa juu ya rundo la matairi akila tufaha. Alitaka kumwona kabla hajafa.

"Ukamwambie nini?"

"Nilichokuambia wewe. Kwamba nilikusudia."

Mume wangu alikataa katakata. "Huyo ni mwanamke wa watu, ana maisha yake," alisema. "Baba anataka kumtupia mzigo mlangoni kwake kisha afe." Alisema kweli, na bado nilimtafuta. Uswidi si vigumu, anwani na simu ya mtu vipo wazi kwenye mtandao. Jina la ukoo lilikuwa la nadra, na aliishi karibu sana, katika nyumba za safu nje kidogo ya Södertälje. Baba mkwe alikuwa amepita karibu na hapo akienda kazini maisha yake yote.

Nilipopiga, nilijitambulisha, nikasema mimi ni mke wa mwana wa nani.

"Bado yuko hai?" aliuliza.

"Kwa muda mfupi."

"Njooni Alhamisi," alisema. "Nitachemsha kahawa."

Ilikuwa Februari. Theluji ilikuwa imeanza kuyeyuka, barabara ni tope la kijivu, na mama wa Bukavu alinisaidia kumvisha nguo tabaka tabaka na kumteremsha kwa kiti cha magurudumu na mtungi wake wa oksijeni. "Dada, asubuhi yote papa amekataa kula," alininong'oneza. "Eko na wasiwasi mingi." Nilifungua mlango wa nyuma kama kawaida. Baba mkwe akatikisa kichwa, akaonyesha wa mbele. Aliketi karibu yangu, akatazama barabara njia nzima, na kila tulipokaribia kona niliuona mguu wake wa kulia ukikanyaga sakafu.

Mwanamke aliyetufungulia alikuwa na nywele nyeupe zilizokatwa fupi na miwani iliyoning'inia shingoni. Alitusaidia kuvua viatu. Aliweka vikombe, mikate ya mdalasini, leso za karatasi. Kwa muda tuliongea habari za barabara na hali ya hewa, kama watu waliokutana kuuziana kabati. Ukutani hapakuwa na picha ya yule kaka, nilitafuta.

Kisha baba mkwe akaweka mikono magotini na kusema maneno aliyokuwa ameyaandaa. Nilijua ameyaandaa kwa sababu Kiswidi chake kilikuwa safi kuliko kawaida yake. Alisema jina lake. Alisema siku ile. Alisema aligeuza usukani makusudi ili kumtia hofu, kwamba hakuwaambia polisi, na kwamba hakuja kuomba msamaha, alikuja ili yule dada ajue ukweli.

Yule mama alimsikiliza mpaka mwisho. Hakulia. Alivua miwani shingoni akaiweka mezani.

"Kaka yangu alikuwa anaanguka," alisema.

Baba mkwe hakuelewa. Alinitazama mimi.

"Kifafa," alisema yule mama. "Kilimwanza ukubwani, baada ya kuanguka na pikipiki. Alificha, kwa sababu wangemnyang'anya leseni. Juma lile lile alianguka jikoni kwetu, mimi nikiwa nimekaa mezani. Mama alimwomba asiende. Alikwenda."

"Hapana," alisema baba mkwe.

"Mtu mmoja aliyekuwa amesimama kwenye kona alimweleza baba yangu kwamba kichwa cha kaka kilikuwa kimelala kabla gari halijakugusa. Kimelala begani. Baba alimwomba anyamaze. Sote alituomba tunyamaze. Alisema tukisema, mtoto wake atakumbukwa kama mjinga aliyejiua mwenyewe."

"Mimi niligeuza."

"Labda uligeuza. Lakini sidhani alikuona."

Baba mkwe alianza kupumua kwa shida na nikaongeza oksijeni. Nilidhani ni kilio, lakini niliposikia sauti yake nikajua ni hasira.

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa msichana mdogo."

"Baadaye. Ulikua."

"Nilikua," alikubali. Alizungusha kikombe chake juu ya kisahani. "Baba alipokufa nilifikiria kukutafuta. Nikasikia umeoa huku, una kazi kiwandani, una mtoto. Nikajiambia, huyu amepona. Nisimchokoze." Alitazama dirishani. "Ilikuwa rahisi kuamini hivyo."

Hakuna aliyekula mikate ile. Yule mama aliponisaidia kumvalisha viatu, baba mkwe alitazama juu ya kichwa chake kama vile hayupo. Mlangoni yule mama alimnyooshea mkono. Hakuupokea.

Njiani aliniomba nisimame. Niliingia kwenye kituo cha mafuta, nikamfungulia mlango, na akatapika kahawa aliyokunywa kwenye tope la theluji. Nilimshika paji la uso kama unavyomshika mtoto. Lori lilipita, likaturushia maji machafu. Aliponyanyuka alisema neno kwa Kiitaliano, halafu akasema kwa Kiswidi, "Mama yangu aliniwekea kitanda. Kila mwaka. Ndugu zangu waliniambia. Alikuwa akibadilisha mashuka."

Nilimweleza mume wangu jioni hiyo. Sijawahi kumwona vile. Alitaka kumpigia simu yule mama, alitaka kuandika kwenye magazeti, alitaka watu wa mashindano waseme hadharani kwamba baba yake hakuwa na kosa. Alitembea kutoka jikoni hadi sebuleni na kurudi.

"Hakuwahi kunifundisha baiskeli," alisema. "Unajua hilo? Alisema hawezi kumsukuma mtoto mbele. Mama ndiye alinifundisha. Na watu wale walikuwa wanajua, wamekaa pale Södertälje, wanakunywa kahawa."

Kesho yake alikwenda kwa baba yake peke yake. Alikaa huko kitambo. Aliporudi alisema baba amemkataza kufanya lolote.

"Amesemaje?"

"Amesema yule mwanamke anasema uongo ili kumfariji." Akaketi bila kuvua koti. "Mimi nilimwambia, baba, watu hawa hawana desturi hiyo."

Baada ya siku ile baba mkwe aliacha kutazama mbio. Msimu mpya ulianza Machi na mimi niliendelea kwenda Jumapili na chakula. Televisheni ilikaa nyeusi. Mara moja nilimwambia kwamba kuna Mwitaliano kijana anayefanya vizuri, nilisikia dereva mwenzangu akisema. Aliniomba chumvi. Mama wa Bukavu alisema hata akiogeshwa hakuwa akishika tena ukingo wa beseni, alijiachia tu, na alikuwa mwepesi kama nguo.

Alilazwa kabla ya Pasaka. Tulipokezana kukaa naye, mume wangu asubuhi, mimi baada ya zamu, nikiwa bado na sare ya basi. Mchana mmoja alikuwa macho na akili yake ilikuwa wazi. Jua liliingia mpaka kitandani. Aliniomba nimwinue mto.

"Nimefikiria sana," alisema. "Niligeuza."

"Baba, huwezi kujua kama kugeuza ndiko kulikomuua."

"Najua."

"Yule mama alisema kichwa chake kilikuwa kimelala."

Alifumba macho. Nilidhani amelala. Alipoongea tena, sauti ilikuwa ndogo na ilinibidi niiname.

"Kama sikumuua mimi," alisema, "basi mama yangu alizikwa bila mimi kwa sababu gani? Niambie wewe. Mwanangu alikua bila mimi kwa sababu gani?"

Nilimshika mkono. Ulikuwa mkono mpana wa mtu wa kiwandani, kucha zimekatwa vizuri na mama wa Bukavu, na nilikaa nao mpaka mume wangu alipofika. Nilimpisha kiti. Alimuuliza baba yake kama anataka maji, baba yake akasema hapana, na hayo ndiyo maneno ya mwisho waliyoongea wawili hao, kwa kadiri ninavyojua. Alifariki siku iliyofuata nikiwa barabarani. Mume wangu alinipigia mara kadhaa na mimi sipokei simu nikiwa na abiria. Nilimpigia mwisho wa njia, basi likiwa tupu, na nilijua kabla hajasema.

Mazishi huku hayana haraka. Wiki zilipita. Tulimweleza binti yetu, ambaye hujibu kila kitu kwa Kiswidi, kwamba babu atachomwa na majivu yake yatapelekwa Italia, yawekwe karibu na mama yake. Huo ulikuwa uamuzi wa mume wangu. Mimi sikuwa na uhakika kwamba marehemu angeutaka, na nilisema hivyo, na mume wangu akasema baba yake hamuulizi tena.

Siku chache kabla ya ibada, simu yangu iliita. Ilikuwa namba ya yule mama. Alisema ameona tangazo la kifo gazetini. Alitupa pole kwa maneno machache yaliyonyooka. Kisha akauliza kama anaweza kuja, akae nyuma kabisa, hatazungumza na mtu.

Mume wangu alikuwa chumba cha pili, akikunja nguo za baba yake na kuzitia kwenye mifuko. Nilikwenda nikamuuliza. Hakugeuka. Alitikisa kichwa.

"Samahani," nilimwambia yule mama. "Mume wangu hataki."

"Naelewa," alisema.

Nilingoja akate simu. Hakukata. Nilisikia redio ikiongea nyumbani kwake, na kitu kama kijiko kikiwekwa chini.

"Aliniamini?" aliuliza.

Nilifikiri kumdanganya. Alikuwa mzee naye, na alikuwa peke yake kwenye nyumba ile safi. Lakini watu walikuwa wameshanyamaziana vya kutosha katika habari hii.

"Hapana," nilimwambia. "Hakukuamini."

Alisema asante, kwa adabu, kama mtu aliyeelekezwa njia. Nikarudi chumbani, nikachukua shati kutoka kwenye rundo, na kuanza kukunja.